Asilimia Tisini na Sita

Profesa alikuwa ameanguka kifudifudi juu ya meza yake, shavu limekandamiza fomu za watu, miwani imevunjikia chini ya pua. Damu ilikuwa imeshuka kutoka kwenye panja la kushoto, ikapita kwenye kidau cha wino wa muhuri, ikadondoka sakafuni na kuganda. Kando ya kiti ilikuwapo panchi ya chuma, ile nzito ya zamani ya kutobolea karatasi. Mtu alikuwa ameifuta. Ndicho kitu kisafi pekee kilichokuwamo chumbani.

"Alama za vidole tusahau," alisema Sajenti, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuimba. "Aliyefuta hapa amelelewa vizuri."

Inspekta aliizunguka meza. Alikuwa na hasira tangu alipoanza kupanda ngazi. Watu wa kituoni walimwita Pilipili, akiwa hayupo, na walidhani hasira zake hazina sababu, kama mtu mwingine alivyo na kikohozi. Leo zilikuwa na sababu. Zilielekea kwenye kabati la chuma lililokuwa nyuma ya maiti, droo ya tatu kutoka juu.

Profesa hakuwa profesa wa chochote. Kwa miaka zaidi ya ishirini, katika chumba hicho juu ya duka la rangi, alikuwa akijazia watu fomu: maombi ya kazi, malalamiko ya viwanja, hati za kusafiria. Tangu mtandao wa kutafuta wachumba ulipoingia mjini na dodoso lake la maswali sitini, biashara yake iligeuka. Watu wazima wanaoionea haya kompyuta waliketi kwenye kiti cha mbao mbele yake. Aliwauliza maswali moja moja na kuandika majibu yao kwa penseli. Hiyo aliiita rafu. Kisha aliyahamishia kwenye kompyuta, akachapa nakala safi. Mteja aliisoma, akaisaini, na dodoso likaenda hewani. Rafu ilibaki droo ya tatu, kwa namba.

Kati ya rafu na nakala safi, mambo yalibadilika. Profesa hakulificha jambo hilo. "Chema chajiuza," alipenda kusema, "kibaya lazima nikitembeze mimi."

Inspekta aliyajua yote haya kwa sababu miaka miwili iliyopita aliketi kwenye kiti kile.

Aliyeikuta maiti alikuwa fundi saa wa chumba cha jirani, mzee mkavu mwenye lenzi iliyosukumwa juu ya paji la uso.

"Ulisikia nini?"

"Vishindo. Kimoja, kisha kingine."

"Saa ngapi?"

"Kwa saa ipi, Afande? Mle ndani nina saa arobaini na moja, na kila moja ina msimamo wake."

"Usinichezee, mzee."

"Sichezi. Ile ninayoiamini ilisema saa tano na dakika kumi na mbili."

"Na ukabaki umekaa?"

"Nilidhani anapiga muhuri. Profesa akipiga muhuri, ukuta wangu hutetemeka. Nimekuja saa sita kumwomba gundi, nikakuta hahitaji tena gundi wala muhuri."

"Nani alitoka?"

"Sikutazama. Nilikuwa na skrubu ndogo kama punje ya mchanga kwenye ncha ya koleo. Ukiinua macho, umeipoteza." Mzee alifikiri kidogo. "Ila alishuka ngazi taratibu. Mwizi hukimbia. Huyu alishuka kama mtu aliyemaliza kazi."

Daktari wa polisi alifika, akaigeuza maiti, akasema vipigo ni viwili na cha kwanza hakikutosha kumuua. Sajenti akateremka kuwahoji watu wa duka la rangi. Inspekta akabaki peke yake na kabati.

Aliivuta droo ya tatu. Rafu zilisimama wima, moja moja, kila moja na namba yake pembeni. Vidole vyake havikuuliza njia. Mia na themanini na saba.

*Hali ya ndoa: Mke aliondoka. Yupo hai. Yuko kwa dada yake.*

*Umewahi kumwinulia mkono mtu unayeishi naye? Mara moja. Ndiyo sababu aliondoka.*

Hayo ndiyo aliyoyasema siku ile, kwa sauti ndogo, akitazama dirishani. Kwenye nakala safi aliyoletewa baada ya nusu saa, alijikuta ni mjane. Kwenye swali la thelathini na moja paliandikwa: Kamwe. Na kazi yake, "afisa mwandamizi wa usalama". Aliisoma mara mbili. Kisha alichukua kalamu, akasaini.

Sasa karatasi hii ilikuwa kielelezo cha mauaji. Ingesomwa mahakamani. Ingesomwa kituoni, na hapo ndipo pabaya zaidi, kwenye benchi la chai.

Alisikia miguu ya Sajenti kwenye ngazi. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Chini hawajui kitu," alisema Sajenti akihema. "Wateja wa Profesa hupanda wameinamisha vichwa. Nani atazijua sura zao?" Alichungulia droo. "Hizi ndizo siri za mji? Ngoja nizihesabu."

Alihesabu kwa makini, akilowesha kidole. Inspekta alisimama kwenye dirisha lile lile alilolitazama siku ile.

"Afande, njoo uone. Mia mbili na kumi na mbili haipo. Mia mbili na kumi na tisa haipo. Lakini mahali pake pana hiki."

Katika kila nafasi palisimama kipande cha kadi, kimekatwa kwenye jalada kuukuu la faili. Hakikuandikwa kitu. Pembe ya juu ya kulia ilikunjwa kama sikio la mbuzi, ili ionekane kwa mbali.

"Muuaji gani huyu," alisema Sajenti, "anaiba kisha anaacha alama kwamba ameiba?"

"Endelea."

"Na mia na themanini na saba pia haipo. Hapo hakuna kadi." Aliinua uso. "Kwa hiyo ni mikono miwili, Afande. Mmoja una adabu. Wa pili ni mwizi tu."

Masikio ya Inspekta yalipata moto. "Fungua kompyuta," alifoka. "Nataka nakala safi za hizo mbili."

"Mbili au tatu?"

"Anza na hizo mbili!"

Sajenti alimtazama, kisha akaketi kwenye kompyuta. Nakala safi zilikuwamo. Namba 212: "mhandisi wa vyuma", mpole, hajawahi kuinua mkono. Namba 219: "afisa wa afya", msikivu, mvumilivu. Mtandao uliwakutanisha kwa asilimia tisini na sita. Walioana mwaka uliopita.

"Asilimia tisini na sita!" alisema Sajenti. "Mimi na mume wangu hatufiki arobaini, na tuna watoto wanne."

Mhandisi wa vyuma, walipomfuata, alikuwa mchomeleaji wa mageti. Alifika kituoni na ovaroli lake, mikono imejaa makovu ya cheche, macho mekundu kwa kazi.

"Leo saa tano ulikuwa wapi?" aliuliza Inspekta.

"Juu ya geti la shule, tangu asubuhi. Mwalimu mkuu alikuwa chini akinipigia kelele kwamba nimelipindisha. Mpigieni, nadhani bado anapiga kelele."

Sajenti alitoka kupiga simu, akarudi. "Ni kweli. Hata mimi amenifokea."

Inspekta alisukuma nakala safi mezani. "Saini hii ni yako?"

"Yangu."

"Swali la thelathini na moja. Soma jibu."

"'Kamwe.'"

"Ni kweli?"

Mchomeleaji alijikuna shingo. "Si mimi niliyesema hivyo. Nilimwambia Profesa ndiyo. Nilimpiga mke wangu wa kwanza, si mara moja. Nilimwambia wazi, nataka mtu anayejua, asije akashtuka."

"Asishtuke?"

"Yaani awe amejua mapema. Profesa akaandika kwa penseli. Alipoleta safi, nikakuta 'Kamwe'. Nikakuta mimi ni mhandisi. Nilijisoma pale, Afande, nikajipenda. Nikasaini."

"Na mke uliyempata umempiga?"

"Tulipatana asilimia..."

"Sikuulizi hesabu. Umempiga?"

"Mwezi uliopita. Sikioni." Kisha akainua kidole kama mtu mwenye hoja. "Lakini naye aliandika mwenyewe! Swali la arobaini na nne: mwenzako akikukosea sana utafanya nini? Aliandika 'Nitavumilia'. Ninayo kwenye simu. Nilimwonyesha."

"Lini?"

"Siku ile ile."

"Akiwa anatoka damu?"

Mchomeleaji alikishusha kidole.

Inspekta aliipiga meza kwa kiganja, kalamu zikaruka. "Dodoso ndilo lililompiga? Penseli ya Profesa ndiyo iliyoinuka? Ulikuwa na mkono wako na ulikuwa na akili yako, leo unaniletea namba za maswali!"

Alisita. Kiganja chake kilikuwa bado mezani, wazi, kinamwasha. Alikitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Karatasi ilimchoma kifuani kupitia shati. Akaurudisha mkono magotini.

"Endelea," alisema kwa sauti nyingine.

"Jana usiku aliniita mwongo. Nikamwambia, mimi Profesa nilimweleza kila kitu, rafu ipo, nenda kamuulize. Asubuhi akaenda kazini kwake, hospitali. Mengine sijui."

"Mweke ndani," Inspekta alimwambia Sajenti.

"Kwa kosa gani?" Mchomeleaji aliruka. "Sikuua mtu!"

"Kwa kosa la sikio."

Afisa wa afya naye hakuwa afisa wa afya. Walimkuta kwenye masjala ya hospitali, chumba kirefu kilichojaa mafaili kutoka sakafuni hadi darini, harufu ya karatasi na vumbi. Alikuwa karani wa mafaili, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye pamba katika sikio la kushoto. Ukimsemesha aligeuza kichwa akupe la kulia.

"Pole na sikio, dada," alisema Inspekta. Alikuwa amekuja kumtafuta shahidi, au mtu wa kumwambia nani mwingine aliyekuwa na kinyongo na Profesa. "Mume wako tumemshika kwa kukupiga. Tunahitaji faili lako la matibabu."

"Mmemshika leo?"

"Leo."

"Mimi nilikuja kwenu mwezi uliopita." Hakupandisha sauti. "Askari wa zamu alimpigia simu mume wangu, mume wangu akamtumia ile picha ya dodoso. Askari akaniambia, 'Mama, si uliandika mwenyewe utavumilia?' Akanipa maji ya kunywa."

Inspekta alisaga meno. Sajenti alitazama chini.

Karani aligeukia safu za mafaili ukutani. Hakuhitaji kutafuta. Alivuta faili kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akachomoa kipande cha kadi mfukoni. Kwa kidole gumba alikunja pembe ya juu ya kulia. Akaisimamisha kadi katika pengo, wima, akalileta faili.

Sajenti aliacha kupumua.

"Dada," Inspekta alisema taratibu, "kadi hiyo ni ya nini?"

"Ya kuonyesha kwamba faili limetoka. Usipoiweka, mtu amepotea. Miaka kumi na tisa sijapoteza mtu hata..."

Aligeuka, akaitazama kadi aliyoisimamisha. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Niliziweka na kule," alisema.

"Mbili," alisema Sajenti.

"Mbili." Alivuta droo yake ya meza, akatoa karatasi mbili za penseli zilizonyooshwa vizuri ndani ya jalada jipya. "Sikukumbuka kabisa. Mtu amelala pale mbele yangu, na mimi nakata kadi."

Kituoni walikaa watatu: Inspekta, Sajenti na karani. Inspekta alimsomea onyo la kisheria kabla ya maelezo. Kwenye rafu namba 219, swali la arobaini na nne, penseli ya Profesa ilisema: *Nitaondoka siku ile ile. Mama yangu alikaa, nikaona mwisho wake.*

"Ulisema hivi?"

"Neno kwa neno. Profesa akaniambia, mwanamke anayetangaza kuondoka kabla hajafika hampati mtu. Akaandika 'Nitavumilia'. Nilisaini. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili na nimechoka kula peke yangu."

"Kwa nini hukuondoka alipokupiga?"

"Kila mlango niliougonga, nilionyeshwa karatasi ile. Mume, mama mkwe, askari wenu. Hata kaka yangu aliisoma, akasema, 'Sasa dada, si ulikubali?' Nilikuwa nimeshaanza kujiuliza, huenda kweli nilikubali. Jana niliposikia rafu ipo, nikasema, basi mimi nipo. Mahali fulani nimeandikwa."

"Ukaenda."

"Nikaomba ruhusa ya saa moja. Profesa hakukataa kunionyesha. Alizitoa zote mbili kwa majivuno, kama fundi anayeonyesha kitanda kilivyokuwa kabla ya kupigwa randa. Nikamwomba anigongee muhuri kwenye yangu, aandike kwamba haya ndiyo niliyoyasema. Basi. Akacheka. 'Ukweli wa penseli haupigwi muhuri, mama. Na ningeyaandika hayo, ungeolewa na nani?' Akanyoosha mkono azirudishe kwenye droo."

"Alikushika?" Inspekta aliinama mbele. Hasira zake zote zilikuwa zimehamia upande mmoja wa meza, upande wa huyu mwanamke, na alitaka kumpa kitu. "Alikunyang'anya kwa nguvu? Alikusukuma?"

"Hapana."

"Fikiri vizuri. Mtu mwenye hofu husahau. Labda aliinua mkono, ukadhani anakupiga. Hilo hakimu angelielewa."

Karani aligeuza kichwa, akampa sikio zima kana kwamba hakusikia sawasawa. Kisha akamtazama usoni.

"Afande, usinitengeneze. Nimeshatengenezwa mara moja."

Inspekta aliegemea nyuma.

"Hakunigusa," alisema karani. "Nilichukua panchi nikampiga. Akasema 'mama', nikampiga tena."

Sajenti alikohoa, akageuza ukurasa wa orodha ya vielelezo. "Ulichukua rafu mbili tu?"

"Mbili."

"Na mia na themanini na saba?"

Macho ya karani yalimwacha Sajenti, yakaenda taratibu kwa Inspekta, kwenye nyota za mabegani, kwenye mfuko wa shati uliotuna kwa karatasi, yakatulia hapo.

"Hiyo Profesa alinisomea mwenyewe, eti kuniliwaza. 'Si mumeo peke yake, mama. Hata inspekta wa polisi nimemfanya mjane na mkewe yu hai.' Akairudisha. Nilipotoka ilikuwamo. Mimi sitoi karatasi bila kuweka kadi."

Hakusema zaidi. Angeweza, na Inspekta alijua angeweza. Sajenti naye alikuwa ameacha kuandika, na hakuinua uso. Kimya kile kilikuwa mlango uliofunguliwa kwa heshima ili mkubwa apite bila kuonekana. Angesema tu, "Itatafutwa," na kesi ingeendelea.

Alifungua kifungo cha mfuko. Aliitoa karatasi, akaikunjua mara nne, akaiweka mezani pamoja na zile mbili.

"Kielelezo cha tatu," alisema.

Sajenti aliisoma. Ilimchukua muda mwingi kuliko urefu wake.

"Niandike ilipatikana wapi?"

"Mfukoni mwangu."

"Na aliyeitoa kwenye droo?"

"Andika jina langu, cheo changu, na saa."

"Mkuu atakuondoa kwenye kesi, Afande. Huenda na kazini."

"Utaimalizia wewe. Na yule askari wa zamu mwandikie ripoti, nitaisaini kabla hawajaninyang'anya kalamu." Sauti yake ilikuwa kali, lakini haikuwa na mtu wa kumwangukia ila mwenyewe. "Mwizi tu, ulisema. Ulisema kweli."

Karani alikuwa ameivuta karatasi ya tatu kwa ncha ya kidole.

"Huyu mkeo," aliuliza, "aliondoka lini?"

"Siku ile ile."

"Alikuwa na pa kwenda?"

"Kwa dada yake."

"Heri yake," alisema karani.

Sajenti alimaliza kuandika maelezo, akamsogezea. Karani alisoma kila mstari, kidole kikipita chini ya maneno, kama mtu aliyewahi kuumwa na karatasi. Kwenye ukurasa wa pili alisimama.

"Hapa umeandika 'nilimpiga'. Nilimpiga mara mbili."

Inspekta aliichukua kalamu. Akaongeza maneno mawili kwa wino, akaweka herufi zake pembeni, akamrudishia.

Karani alisoma tena tangu mwanzo. Kisha akasaini.